Utetezi wa usalama wa watembea kwa miguu

Utetezi wa usalama wa watembea kwa miguu ni juhudi za wakazi, wazazi, walimu, familia za waliofariki barabarani na vikundi vya hiari za kuzishawishi mamlaka zibadilishe barabara, sheria na mwendo wa magari ili watu wanaotembea wasigongwe.

Juhudi hizo hutofautiana na elimu ya kawaida ya usalama barabarani. Elimu humfundisha mtembea kwa miguu namna ya kujihadhari na gari, ilhali utetezi hudai barabara yenyewe itengenezwe kwa namna ambayo kosa dogo la mtoto, la mzee au la dereva halitaishia kaburini.

Kadiri ya Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2021 watu milioni 1.19 hivi walifariki duniani kote kutokana na migongano ya barabarani. Zaidi ya moja ya tano kati yao walikuwa watembea kwa miguu. Vifo 9 kati ya 10 vilitokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na migongano hiyo ndiyo inayoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29.

Neno "ajali"

Neno la Kiswahili *ajali* linatokana na Kiarabu, ambako linamaanisha muda uliopangwa, hasa siku ya mtu kufa. Maana hiyo imebaki katika Kiswahili pia: kamusi hueleza *ajali* kuwa ni tukio la ghafla lenye madhara, na vilevile kuwa ni majaliwa, jambo ambalo mtu hawezi kulikwepa. Methali "Ajali haina kinga" inabeba maana zote mbili kwa pamoja.

Watetezi wa usalama barabarani hupinga fikra hiyo. Hoja yao ni kwamba watu wakigongwa mara kwa mara mahali pale pale, kwa mfano mbele ya shule au kwenye kituo cha daladala kisicho na kivuko, tukio hilo halihusu tena majaliwa: lina sababu inayoweza kuonekana, kupimwa na kuondolewa. Ndiyo maana vikundi vingi hupendelea kusema "mgongano" au "kugongwa" badala ya "ajali". Mwaka 2001 jarida la tiba la Uingereza, *BMJ*, liliamua kuacha kutumia neno lenye maana hiyo katika makala zake, kwa kuwa majeraha mengi huweza kutabirika na kuzuilika.

Mwendo na uhai

Dai kuu la utetezi huu karibu kila nchi ni kupunguza mwendo wa magari mahali penye watu. Sababu yake inaweza kuelezwa kwa hesabu nyepesi.

Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa husafiri mita 14 hivi kila sekunde. Dereva aliye makini huhitaji sekunde moja hivi kuona hatari na kukanyaga breki; katika sekunde hiyo gari limekwishapita mita 14 bila kupunguza mwendo. Hata kama barabara ni kavu na breki ni nzima, gari huhitaji mita nyingine 14 hivi ili lisimame kabisa. Jumla ni mita 28.

Gari linalokwenda kilometa 30 kwa saa hupita mita 8 wakati dereva anatambua hatari, kisha husimama ndani ya mita 5 hivi. Jumla ni mita 13.

Kwa hiyo mtoto akitokea ghafla mita 15 mbele ya gari, dereva wa mwendo wa 30 husimama kabla ya kumfikia, lakini yule wa mwendo wa 50 humgonga akiwa ndiyo kwanza anaanza kukanyaga breki. Madereva wote wawili wanaweza kuwa makini sawasawa. Kilichowatenganisha ni mwendo tu.

WHO inakadiria kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya kutokea mgongano wenye kifo huongezeka kwa asilimia 4. Kwa sababu hiyo Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilipendekeza kikomo cha kilometa 30 kwa saa mahali ambapo magari huchanganyika na watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulitangaza miaka 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa pili wa hatua za usalama barabarani, ukilenga kupunguza vifo na majeruhi kwa nusu.

Historia

Uholanzi

Mfano unaotajwa mara nyingi zaidi ni ule wa Uholanzi. Baada ya Vita vikuu vya pili idadi ya magari iliongezeka haraka nchini humo, na miji ilibomoa majengo na kupanua barabara ili kuyapisha. Mwaka 1971 watu 3,300 hivi waliuawa barabarani, wakiwemo watoto zaidi ya 400.

Mmojawapo alikuwa binti wa miaka 6 wa mwandishi wa habari Vic Langenhoff. Mwaka 1972 Langenhoff aliandika katika gazeti la *De Tijd* makala iliyoitwa "Stop de Kindermoord", yaani "Komesheni mauaji ya watoto", akiwaita wazazi wenzake waunde kundi la kuishinikiza serikali. Jina hilo likawa jina la chama, na rais wake wa kwanza alikuwa Maartje van Putten, ambaye baadaye alichaguliwa kuwa mbunge wa Bunge la Ulaya.

Wanachama walifunga mitaa kwa muda ili watoto wacheze, walikusanyika mahali palipotokea vifo, na walifanya kazi na wataalamu wa mipango miji waliowasaidia kugeuza malalamiko kuwa michoro. Msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973, ambao ulifanya serikali ipige marufuku magari binafsi siku za Jumapili kwa muda, uliwaonyesha wananchi wengi jinsi mitaa inavyokuwa bila magari.

Katika mji wa Delft kulikuwa kumeanza kujengwa mitaa ya aina ya *woonerf*, ambamo hakuna tofauti ya njia ya gari na njia ya mtu, na gari hulazimika kwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mwaka 1976 mitaa hiyo ilitambuliwa rasmi na sheria. Kufikia mwaka 2010 idadi ya watoto wanaouawa barabarani nchini humo kwa mwaka ilikuwa imeshuka chini ya 20, ingawa magari yalikuwa yameongezeka sana.

Uingereza

Mwaka 2007 Rod King, mkazi wa Warrington, alianzisha kampeni ya 20's Plenty for Us baada ya kutembelea mji wa Hilden nchini Ujerumani. Kampeni hiyo hudai kikomo cha maili 20 kwa saa (kilometa 32) katika mitaa ya makazi, na huendeshwa na vikundi vidogo vya wakazi, kila kimoja kikiishughulikia halmashauri yake.

Tarehe 17 Septemba 2023 Wales iliufanya mwendo huo kuwa kikomo cha kawaida katika barabara za maeneo ya makazi. Uamuzi huo ulipingwa vikali: ombi la kuufuta lilitiwa sahihi na watu zaidi ya 400,000. Serikali ya huko haikuufuta, lakini mwaka 2024 iliruhusu halmashauri zipitie upya barabara ambazo wakazi waliona hazifai.

Marekani

Mjini New York, familia zilizofiwa barabarani ziliunda kikundi cha Families for Safe Streets mwaka 2014. Walikwenda mbele ya wabunge wa jimbo wakiwa na picha za watoto wao, na tarehe 7 Novemba mwaka huohuo kikomo cha kawaida cha mwendo mjini kilishushwa kutoka maili 30 hadi 25 kwa saa (kilometa 40).

Familia hizo hazikuishia hapo. Zilidai mji upewe mamlaka ya kushusha mwendo hadi maili 20, na sheria ya kuruhusu hilo ilipitishwa mwaka 2024. Inajulikana kama Sheria ya Sammy, kwa kumbukumbu ya mvulana wa miaka 12 aliyegongwa Brooklyn mwaka 2013. Kutoka kifo chake hadi sheria ilipita zaidi ya miaka 10.

Afrika Mashariki

Katika miji ya Afrika Mashariki watu wengi huenda kazini, shuleni na sokoni kwa miguu, na hata anayepanda daladala au matatu huanza na kumaliza safari yake kwa kutembea. Hata hivyo barabara nyingi zimejengwa bila njia ya kando. Mahali ilipo, mara nyingi imejaa meza za wafanyabiashara, magari yaliyoegeshwa na bodaboda zinazokwepa foleni, hivyo mtembea kwa miguu hulazimika kushuka barabarani.

Tanzania

Dar es Salaam ndiko ulikoanza mpango wa SARSAI wa shirika la Amend, unaohusu usalama wa maeneo ya shule. Mpango huo hutafuta kwanza shule ambazo wanafunzi wake huumia zaidi, kisha huchunguza njia ambazo watoto hupita na kuzungumza na walimu, wazazi na viongozi wa eneo. Baada ya hapo hufanyika marekebisho ya gharama ndogo: matuta, vivuko, alama, njia za kando na nguzo fupi za kuzuia magari. Wakati mwingine lango la shule huhamishwa kutoka upande wa barabara kubwa hadi upande wa mtaa uliotulia. Watoto hufundishwa pia kuvuka, lakini baada ya mahali pa kuvukia kutengenezwa.

Utafiti uliolinganisha maeneo ya shule zilizofanyiwa marekebisho na yale ya shule ambazo bado, ulionyesha kuwa majeraha ya watoto yalipungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya World Resources Institute. Tangu hapo mwanzo umefika katika nchi nyingine za Afrika.

Kenya

Nchini Kenya watembea kwa miguu ni zaidi ya theluthi moja ya watu wanaouawa barabarani. Barabara kuu ya Nairobi–Thika, yenye urefu wa kilometa 50 hivi, ilizinduliwa mwaka 2012 baada ya kupanuliwa. Ilipunguza muda wa safari za magari, lakini iliwatenganisha watu waliokuwa wakiishi upande mmoja na kufanya kazi au kununua mahitaji upande mwingine. Wengi waligongwa wakivuka, na madaraja ya kuvukia yaliendelea kuongezwa baada ya barabara kuanza kutumika.

Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ambayo inataka asilimia 20 ya bajeti ya usafiri itengwe kwa ajili ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Sera ya namna hiyo huwapa wakazi kipimo: wanaweza kuuliza kila mwaka ni kiasi gani kimetengwa na kimetumika wapi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inawapa haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma (kifungu cha 37), tena inadai wananchi washirikishwe katika maamuzi.

Namna utetezi unavyoongozwa

Ingawa mazingira yanatofautiana, kampeni zilizofanikiwa zinafanana katika mambo kadhaa.

Kuchagua mahali pamoja. Lalamiko la jumla kwamba "barabara ni hatari" halina anayewajibika kulijibu. Kikundi huanza na kivuko kimoja, lango moja la shule au kituo kimoja cha basi. Ushindi mdogo huwapa watu moyo wa kuendelea, na huwa mfano wa kuonyesha mitaa mingine.

Kukusanya ushahidi. Takwimu za polisi huweza kuwa pungufu, kwa kuwa majeruhi wengi hupelekwa hospitali bila tukio kuandikishwa. Wakazi huweza kuziongezea kwa kumbukumbu za shule na zahanati, na kwa kuhesabu watu wanaovuka saa za asubuhi na jioni. Mwendo nao hupimika bila mitambo: hupimwa umbali wa mita 100 kando ya barabara, kisha simu hutumika kuhesabu sekunde ambazo gari hutumia kuumaliza. Sekunde 12 ni sawa na kilometa 30 kwa saa, sekunde 7.2 ni kilometa 50, na sekunde 6 ni kilometa 60. Katika Tanzania na Kenya kikomo cha kawaida ndani ya maeneo ya makazi ni kilometa 50 kwa saa, hivyo gari linalotumia chini ya sekunde 7 limevunja sheria.

Kumjua mwenye barabara. Maombi mengi hupotea kwa sababu yamepelekwa ofisi isiyohusika. Nchini Tanzania, Wakala wa Barabara (TANROADS) husimamia barabara kuu na za mikoa, na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) husimamia za wilaya na mitaa. Nchini Kenya KeNHA husimamia barabara kuu za taifa, KURA za mijini na KeRRA za vijijini, na kaunti zina barabara zake.

Kuomba jambo linalotajika. Ombi zuri hutaja kitu, mahali na tarehe: kwa mfano kivuko kilichoinuliwa mbele ya lango la shule fulani kabla ya muhula mpya. Afisa akijibu "ndiyo" au "hapana", wakazi wanajua waliposimama. Akijibu "tutalishughulikia", wanajua bado hawajajibiwa.

Kwenda na kalenda ya bajeti. Tanzania na Kenya huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai, na mipango huandaliwa miezi mingi kabla. Ombi linalofika Juni limechelewa, hata kama kila mtu analiunga mkono. Nchini Tanzania njia ya kawaida hupitia mkutano wa wakazi wa mtaa au kijiji, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, hadi halmashauri.

Kuunganisha watu wa aina mbalimbali. Mzazi aliyefiwa huleta uzito ambao takwimu hazina, lakini hapaswi kuachiwa mzigo wote wala kusukumwa asimulie msiba wake kila mkutano. Walimu, wauguzi, viongozi wa dini, watu wenye ulemavu, wafanyabiashara wa kando ya barabara na madereva wenyewe wanahitajika. Bodaboda wa kijiwe cha jirani huweza kuwa wapinzani wa tuta wasipoulizwa, au mashahidi wazuri kuliko wote wakiulizwa mapema, kwa kuwa wao hukaa hapo kutwa nzima na huona kila kinachotokea.

Kufuatilia baada ya ujenzi. Rangi ya pundamilia hufutika, kibao huibwa, tuta huchakaa. Kikundi kinachopima mwendo kabla na baada ya marekebisho hupata hoja ya kudai matengenezo, na hugundua mapema kama kilichojengwa hakikusaidia.

Marekebisho yanayodaiwa mara nyingi

Madai ya kawaida ni kivuko kilichoinuliwa hadi usawa wa njia ya kando, ambacho huwa tuta na kivuko kwa wakati mmoja. Kisiwa cha katikati ya barabara, kinachomwezesha mtu kuvuka upande mmoja kwanza. Njia ya kando isiyokatika. Taa za barabarani. Na kupunguza upana wa njia ya magari, kwa kuwa barabara pana na iliyonyooka humwalika dereva kuongeza mwendo hata kama kibao kinamkataza.

Alama za pundamilia peke yake mara nyingi hazitoshi. Mahali ambapo madereva hawana desturi ya kusimama, mistari myeupe isiyo na tuta humpa mtembea kwa miguu imani ambayo barabara haiwezi kuitimiza.

Vikwazo na ukosoaji

Wapinzani husema kwamba kupunguza mwendo kunaongeza foleni na gharama, na kwamba matuta huchelewesha magari ya wagonjwa na ya zimamoto. Ukosoaji huo una ukweli mahali ambapo matuta yamejengwa ovyo. Wakazi waliochoka kusubiri wamewahi kujijengea matuta ya udongo au zege, lakini tuta lisilo na kibao wala rangi huweza kumwangusha mwendesha pikipiki usiku. Ndiyo sababu watetezi hushauriwa kudai tuta lenye vipimo vya kitaalamu, wasijijengee wenyewe.

Madaraja ya watembea kwa miguu nayo yana ubishi. Katika barabara kuu yenye njia nyingi huenda ndilo suluhisho linalowezekana. Lakini humlazimisha aliye dhaifu apande ngazi ili gari lisipunguze mwendo. Mwenye kiti cha magurudumu hushindwa, mjamzito na mwenye mzigo kichwani huchoka, na usiku watu huogopa vibaka. Wengi huishia kuvuka chini, kisha hulaumiwa wakigongwa.

Kikwazo kingine ni lawama hiyo yenyewe. Mara nyingi taarifa ya tukio husema marehemu "alivuka bila kuangalia" na haitaji mwendo wa gari, taa zilizokosekana wala umbali wa kivuko kilicho karibu. Watetezi huomba polisi na vyombo vya habari vitaje mambo hayo matatu kila mara, kwa sababu barabara isiyotajwa katika taarifa haitengenezwi.

Maadhimisho

Siku ya kuwakumbuka wahanga wa barabarani huadhimishwa duniani kila Jumapili ya tatu ya mwezi Novemba. Ilianzishwa mwaka 1993 na RoadPeace, shirika la Uingereza la familia zilizofiwa, na Umoja wa Mataifa uliitambua rasmi mwaka 2005. Katika nchi nyingi siku hiyo hutumiwa kusoma majina ya waliofariki, na pia kuwasilisha kwa viongozi orodha ya mahali panapohitaji kurekebishwa kabla ya Novemba inayofuata.